Maswali na Majibu: Nani Mwingine Yumo Kwenye Waifai Yako?

Fundi aliyenifungia intaneti ya faiba aliweka namba yangu ya simu kuwa nenosiri, ili nisisahau. Kuna ubaya? – Mama Zuhura, Tanga

Upo, tena mkubwa. Namba ya simu ina tarakimu 10, lakini mbili za mwanzo zinajulikana: ni 07 au 06. Zinabaki 8, yaani namba milioni 100 za kubahatisha kwa kila mwanzo. Unaweza kuziona nyingi, ila mwizi wa mtandao hakai nje kwako akijaribu moja moja. Ananasa tu zile taarifa ambazo simu na rauta (kile kisanduku kinachotoa waifai) hupeana zinapounganishwa, anaondoka nazo, kisha anaiachia kompyuta ibahatishe huko huko kwake. Kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, kama zile za kuchezea gemu, huzipitia zote kabla saa moja haijaisha. Na jirani mwenye namba yako hahitaji hata hayo.

Nenosiri la waifai huweza kuwa na herufi 8 hadi 63, kwa hiyo nafasi unayo. Chukua maneno manne au matano yasiyohusiana kabisa, mfano *kifuu treni bamia shangazi jioni*. Usitumie haya niliyoandika, tunga ya kwako. Majina ya watoto na mwaka wa kuzaliwa yaache.

Kijana wangu anasema rauta yenyewe ina nenosiri jingine. Ni kweli? – Msomaji, Nakuru

Ni kweli, na hili ndilo wengi hawaligusi. Tazama kibandiko kilicho chini ya rauta: kuna anwani, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari. Ukiweka *admin* kwenye jina na *admin* kwenye nenosiri ikafunguka, ujue na mwingine yeyote aliye ndani ya mtandao wako anaweza kuifungua. Akishaingia anaweza kubadilisha mipangilio ya DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa namba ya kompyuta yake, ukaandika anwani ya benki yako ukapelekwa kwenye ukurasa wa matapeli. Mwaka 2016 programu hasidi iitwayo Mirai iliteka kamera na rauta nyingi duniani kwa kujaribu tu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani.

Ukiwa humo humo, kwenye aina ya ulinzi wa waifai chagua WPA2 au WPA3. Ukikuta WEP, ulinzi wa zamani, itoe. Udhaifu wake ulianikwa tangu 2001. Kisha zima WPS, ile njia ya kuunganisha kwa kitufe au PIN. PIN yake ina tarakimu 8, lakini mwaka 2011 mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alionyesha kwamba rauta huikagua vipande viwili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 yanatosha kuipata. Mwisho, angalia kama kuna sasisho la programu ya rauta, uliweke.

Nikificha jina la waifai je? – Hamisi, Mwanza

Haisaidii. Programu za bure hulionyesha mara tu simu yako inapojiunga, na simu yenyewe huenda ikiliita jina hilo kila uendako.

Wapangaji wanne tunachangia waifai. Mmoja alihama, lakini jioni huja kukaa nje ya geti akitumia bando letu. Tumfungie simu yake? – Mpangaji, Temeke

Kuifungia simu moja ni kazi bure. Simu za siku hizi zinaweza kubadilisha anwani ya MAC, yaani namba ambayo rauta huitambulia simu, na rauta ikaiona kama simu mpya kabisa. Badilisheni nenosiri, na muwe mnafanya hivyo kila mmoja anapohama, hata kama mmeachana vizuri. Msimwonee haya.

Wageni wa kupita wawekeeni mtandao wa wageni, rauta nyingi zinao. Watapata intaneti bila kuzifikia kompyuta na printa zenu. Mkumbuke pia kwamba ule msimbo wa QR wa kushiriki waifai umebeba nenosiri lenyewe: mgeni akishauskani, naye anaweza kumpa mwenzake. Kwa hiyo msiubandike ukutani sebuleni, labda uwe wa mtandao wa wageni.