Siku ya Tatu, Omba Jembe

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete kaniletea ujumbe: "Shikamoo dada. Vijana wa kanisa letu tunataka kwenda Msumbiji mwakani kwa huduma, siku kumi. Fulana tumeshashona. Sasa tuanzie wapi?" Nilikuwa nakaanga samaki. Nikazima jiko, nikakaa kitako. Hilo la fulana ndilo lililonikalisha, maana na sisi tulianza na fulana.

Nilimjibu kwa sauti, dakika nne nzima, kisha nikaona hayajamtosha. Na najua hayuko peke yake. Siku hizi vijana wengi wa makanisa yetu ya visiwani wana hamu ya kutoka kwenda kuhudumu, na hamu hiyo naipenda, naitaka iendelee. Basi nasema yote hapa, pamoja na yale ya aibu.

Mwezi wa Agosti 2023 tulikwenda Malawi, watu kumi na mmoja wa kanisa letu la Kianglikana hapa Unguja. Mimi nilikuwa katibu wa safari. Tulichanga mwaka mzima: vitumbua na sambusa baada ya Misa, bahasha, kwaya kuimba kwenye harusi. Pasipoti moja ni shilingi 150,000, na kati yetu sote waliokuwa nazo ni wawili tu. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mama wa Kiislamu aliyeniona nikizaliwa, alinitilia elfu ishirini kiganjani akaniambia, "Nenda mwanangu, kawaone wazee wako." Yeye anaijua asili yetu. Bibi wa bibi yangu alikuwa Mnyasa, mtu wa kandokando ya ziwa la huko huko Malawi. Alikamatwa mtoto, akapakiwa jahazini, jahazi likakamatwa na manowari ya Waingereza, naye akalelewa na wamisionari pale Mbweni, hapa Unguja. Jina la ukoo wake halikubaki. Siku tulipofikisha milioni tisa nililia mbele ya kamati.

Unielewe kwa nini nililia. Wakristo wa Zanzibar ni wachache, na kwa kanisa dogo kama letu tumezoea kupokea. Tangu niko skuli ya Jumapili naona vikundi vinakuja kutoka Ulaya na Marekani. Wanapaka ukuta rangi, wanagawa peremende, wanapiga picha na watoto, wanaondoka. Ukuta wa darasa letu ulipakwa rangi mara tatu na vikundi vitatu tofauti, na bomba la maji lililopasuka hatua chache kutoka hapo halikuguswa, kwa sababu hakuna aliyeuliza mna shida gani. Kwenye picha moja nipo mimi, nina miaka minane, nimeshika peremende, mgeni kaniwekea mkono kichwani. Hakuniuliza jina. Nilikua nikisema, siku na sisi tukitoka hatutafanya hivi. Tukatoka, tukafanya hivyo hivyo.

Wenyeji wetu walikuwa parokia moja ya kandokando ya ziwa, upande wa Nkhotakota. Padri wao alituandikia barua ya kurasa mbili kwa Kiingereza, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifasiri kwa kamati. Aya ya tatu naikumbuka mpaka leo. Alisema kwao Waislamu na Wakristo wanakaa nyumba kwa nyumba, na karibuni vijana wa pande mbili wameanza kutupiana maneno mabaya. "Nyinyi mnatoka mahali ambapo Wakristo ni wachache sana. Njooni mtueleze mnaishije na majirani zenu." Hiyo tu. Hawakuomba nguo, hawakuomba mhubiri.

Kamati ikasoma, ikanyamaza, kisha mzee mmoja akasema, "Hayo ni mazungumzo tu. Nani atatuchangia tukaongee?" Na mimi, katibu, niliyeifasiri barua kwa mkono wangu, sikufungua mdomo. Tukakusanya maboksi saba ya nguo na madaftari, tukaazima spika mbili kubwa, tukashona fulana za buluu zenye jina la safari mgongoni.

Ya njiani siyasimulii. Boti, basi, Mbeya, Kyela, kila mtu anajua. Ila mpakani pale Songwe tulikaa tangu asubuhi mpaka jua linazama. Watu wenyewe tulipita bila shida, maana Mtanzania haombi viza kwenda Malawi. Kilichotukwamisha ni maboksi. Afisa wa forodha aliuliza karatasi zake, hatuna. Na alikuwa na haki. Tulilipa fedha tuliyokuwa tumeitenga kuwapa wenyeji kwa ajili ya chakula chetu. Liweke hili moyoni: zawadi usiyoombwa unailipia wewe, halafu anakuja kuilipia na mwenyeji.

Jioni ya kwanza mmoja wetu akaanza kubishana na vijana wa pale kuhusu ziwa. Sisi tunasema Ziwa Nyasa, wao wanasema Ziwa Malawi, na mpaka wenyewe ni ugomvi wa nchi mbili tangu Waingereza na Wajerumani walipogawana mwaka 1890. Ukiwa mgeni, mwenyeji akitaja jina la ziwa lake, itikia.

Jioni ya pili ndiyo inayoniuma. Tulifunga spika uwanjani karibu na soko. Mhubiri wetu alipopata moto akaanza kuisema dini ya watu, maneno ambayo hapa kwetu asingethubutu kuyatamka akiwa amesimama sokoni Darajani hata kwa kunong'ona. Watu walikuwa wanatoka msikitini. Nilimtazama padri mwenyeji. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasugua kiganja kwa kidole gumba, taratibu, kama anayefuta kitu. Asubuhi kabla hatujaamka alipanda baiskeli akaenda kwa shekhe. Wawili hao walisoma skuli moja. Aliporudi hakutusema hata neno. Akanywa chai, akatuuliza tumelalaje.

Ningependelea atuseme.

Ilikuwa siku ya tatu. Mama wa nyumba niliyolala alikuwa anatoka na jembe begani, na mimi nimekaa kwenye kiti bora cha nyumba ile, nimewekewa kitambaa. Nikakumbuka wazee wetu: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Maneno hayo nilikuwa nayajua kama onyo kwa mgeni anayekaa sana. Asubuhi ile niliyasikia upande wa pili. Mgeni asiyepewa jembe bado ni mgeni, na sisi tulikuwa tumejipanga siku kumi zote tusipewe. Nikamwambia, "Mama, khasu." Ndilo jembe kwa Kichewa. Alicheka akidhani nimekosea neno. Nikavua fulana ya safari, nikajifunga kanga, nikamfuata.

Shamba lao la kiangazi wanaliita dimba, liko bondeni penye unyevu. Tulilima matuta mimi na akina mama watano, mikono ikanitoka malengelenge kabla ya saa nne. Mmoja aliwahi kukaa Mbeya, Kiswahili anakijua, ndiye akawa ulimi wetu. Huko dimbani ndiko nilikojua kwamba ule mchele mzuri na wale mbuzi wawili tuliochinjiwa, nusu yake ni deni, na sukari ya chai yetu imeandikwa kwenye daftari la dukani. Hawakuniambia kwa kulalamika. Nilikuwa nimeuliza bei ya sukari, wakanijibu.

Kisha yule mama akaniuliza, "Kwanu n'kuti?" Kwenu ni wapi. Nikasema Unguja. Akasema hapana, kabla ya Unguja. Nikaeleza habari ya bibi wa bibi yangu. Wakaacha kulima. Nkhotakota katika karne ya 19 ilikuwa bandari ya watumwa chini ya Jumbe, mtawala mwenye asili ya pwani. Watu walivushwa ziwa kwa majahazi, wakatembezwa mpaka Kilwa, wakaletwa kwetu. Siku ya nne walinipeleka kwenye mti ambao wanasema Livingstone alikaa chini yake kumwomba Jumbe aache biashara ile. Mimi nimebatizwa Mkunazini, mjini Unguja, kwenye kanisa ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873 palipokuwa soko la watumwa, miezi michache baada ya soko hilo kufungwa. Nilisimama pale mtini nikaona nimeshika ncha mbili za kamba moja. Na hata wamisionari wetu wa UMCA, wale Waanglikana kutoka Uingereza walioleta kanisa letu, walianzia Malawi, pale Magomero, mwaka 1861, wakajikuta ndani ya vita vya wenyeji muda mfupi baada ya kufika. Askofu wao Mackenzie akafa kwa homa mwaka uliofuata. Mwaka 1864 ndipo walipohamia Unguja. Sisi tulikwenda tukisema tunawapelekea neno, kumbe tulikuwa tunarudi nyumbani kwa wazee na spika mkononi.

Jioni hiyo, barazani, waliniuliza lile la kwenye barua. Mnaishije na majirani? Nikawaambia ukweli, kwamba si siku zote imekuwa shwari. Mwaka 2012 makanisa yalichomwa hapa kwetu, na Februari 2013 padri wa Kikatoliki alipigwa risasi akafa. Usiku mmoja wa Mei 2012, tukiwa tumefunga milango na kuzima taa, tulisikia mtu anaburuta kitu nje. Alikuwa jirani yetu, yule yule wa elfu ishirini. Kaleta mkeka wake, kautandika barazani kwetu, kalala mlangoni. Baba alimwomba aingie ndani. Akasema, "Nikiingia ndani nitawafaa nini?" Alilala pale siku tatu. Nikawaeleza na mambo madogo: Ramadhani hatupiki nje mchana, futari tunapelekeana, Krismasi watoto wake wanakuja kula kwetu, na msiba ukitokea haulizwi wa dini gani. Walikuja watu wengi kuliko uwanjani. Shekhe naye alikuja, akakaa nyuma karibu na padri. Spika hatukuwasha.

Hicho ndicho walichoomba tangu mwanzo. Hakikuhitaji boksi hata moja.

Ndugu zangu, Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka sura ya 10, aliwakataza kubeba mfuko na mkoba, akawaambia wakae nyumba moja na wale watakachopewa. Sisi tunaisoma kila mwaka kisha tunafunga maboksi. Kwa nini? Kwa sababu mwenye boksi anakaa juu, na mwenye mikono mitupu inambidi aombe. Tunaogopa kuomba. Tunataka picha ya kuonesha waliotuchangia. Acheni. Anayekuchangia mwambie mapema: nakwenda kukaa na watu, nitakuletea habari zao. Akikataa kwa sababu hiyo, fedha yake ingekugharimu zaidi.

Kwa hiyo, kijana wa Wete, uliza kwanza. Andika barua, uliza wanataka nini, na jibu likija lisome mbele ya kikundi kizima, neno kwa neno, msiliache kwa kamati. Kama hamlielewi, ulizeni tena. Fedha ya chakula chenu itangulieni kwa padri au mchungaji wao wiki mbili kabla, msiingoje huruma ya mpakani. Jifunzeni salamu za lugha ya pale pale mnapofikia, maana nchi moja ina lugha nyingi. Mhubiri wenu asiseme huko asichoweza kusema kwao. Na ulizeni tena.

Tuliporudi, ripoti iliyosomwa kanisani ilikuwa ya maboksi. Picha saba za maboksi, na za uwanjani. Ya dimbani na ya barazani hayakutajwa, na kuna aliyesema mbele ya watu kwamba katibu aliacha huduma akaenda kulima. Sikujibu siku ile. Tangu hapo simo kwenye kamati. Kunauma bado, sifichi, na hasa kwa kuwa aliyesema ni mtu niliyekua nikimwita baba. Lakini sukari ile ya dukani nimeilipa. Watatu kati yetu tulichanga kimya kimya, tukaituma kwa simu ya yule mama aliyekaa Mbeya, naye akaturudishia picha ya daftari, mstari umekatwa.

Wamalawi wanakuja kwetu Disemba hii, watu sita. Safari hii tuliuliza sisi: mngependa nini? Wameomba mambo mawili. Wapelekwe Mbweni, na wale chakula siku moja kwa yule mama wa mkeka. Nimempelekea habari jirani yangu, sasa mzee, miguu inamsumbua, lakini alisimama kabisa aliposikia. Kaniuliza kama watu wa ziwani wanakula pweza. Sikuwa na jibu. Jana nimeandika kuwauliza.