Si kweli kwamba weusi wanafungwa sababu wanatumia zaidi

Hapana ndugu yangu, unaposema weusi Marekani wanajaa jela kwa vile ndo watumiaji wakubwa wa madawa ya kulevya, hapo umepotoka. Kwenye bangi matumizi ya weusi na wazungu yanakaribiana kabisa, ila ripoti ya 2020 ya ACLU, shirika la kutetea haki za raia huko Marekani, ilionyesha mweusi anakamatwa kwa bangi mara 3.64 zaidi ya mzungu, na sababu moja kubwa ni kwamba polisi wanashinda mitaa ya weusi wanasimamisha watu na kuwapekua, sasa we unayevutia chumbani kwako huko ushuani nani atakugongea mlango?

Halafu njoo kwenye hukumu, hapo ndo inauma. Sheria ya 1986 ilisema ukishikwa unauza crack, aina ya kokeini, gramu 5 tu basi si chini ya miaka 5 jela, jaji hana pa kukupunguzia, lakini kokeini ya unga mpaka ufikishe gramu 500 ndo upate kifungo hichohicho. Gramu 5 ni kama kijiko cha chai cha sukari jamani! Na ni kokeini ileile, crack imepikwa tu ikawa vipande vya kuvuta, ila waliofungwa kwa crack wengi mno ni weusi. 2010 Obama akasaini sheria ya kupunguza pengo, toka 100 kwa 1 mpaka 18 kwa 1, na waliofungwa zamani wakasubiri mpaka 2018 ndo wakaruhusiwa kuomba wapunguziwe. Miaka yote hiyo watu wako ndani, watoto wanakulia kwa bibi zao.