Feni ya rejeta: kabla hujaunga dairekti, soma hii

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya umeme wa magari hapa Kampala, iwe Katwe au Ndeeba, ama kule Jinja, kazi ya feni mtaletewa kila wiki maana jam yetu haina huruma. Gari inatoka Entebbe vizuri, mshale wa joto umekaa katikati, ikifika Kibuye ikasimama kidogo tu mshale unapanda. Mwenye gari anafika amekasirika na anataka kitu kimoja, unga feni dairekti, yaani izunguke muda wote bila swichi ya joto, nipate kwenda. Nakuomba usiunge kwanza.

Muulize gari inachemkia wapi. Ikichemka ikiwa imesimama halafu ikipata barabara inapoa, hapo feni ndiyo ya kushuku kwanza, kwa sababu ikikimbia upepo wa barabarani unafanya kazi yote na feni haihitajiki sana. Lakini kama inachemka ikipanda milima ya Kabale ama ikiwa spidi, usiguse waya, angalia rejeta iliyoziba, pampu ya maji, themostati (ile inayofungulia maji yakipata joto) na kile kifuniko cha rejeta. Kifuniko vijana wengi wanakidharau sana. Kampala iko juu kama mita 1,200 kutoka baharini, maji ya wazi huku yanachemka karibu nyuzi 96, na Kabale, karibu mita 2,000, yanachemka kama nyuzi 93. Sasa injini nyingi feni yake inawaka kwenye hizo hizo nyuzi 90 na kitu. Ni presha ya kifuniko, mara nyingi kimeandikwa 0.9 au 1.1, inayofanya maji yavuke 110 bila kuchemka. Mpira wake ukichoka, unaweza kufunga feni tatu na bado gari ikatapika maji. Na rejeta ya moto haifunguliwi, hata bosi mwenye gari akisimama juu ya kichwa chako, ngoja ipoe.

Haya, umeona ni feni. Sasa jua kiwanda kilifanyaje kabla hujakata chochote. Hapa ndipo nawaona wengi wanapotea. Corolla nyingi za miaka ya 90 ambazo bado zimejaa huku, swichi ya joto imefungwa, yaani inapitisha umeme, wakati injini ni baridi na inafunguka maji yakifika kama nyuzi 93, ikifunguka rilei (ile swichi inayoendeshwa na umeme) inaachia na feni inazunguka. Maana yake waya ikikatika ama plagi ikichomoka, feni inawaka yenyewe, walitengeneza hivyo makusudi ili injini isife. Basi ukiwasha ufunguo ukachomoa plagi ya ile swichi na feni ikazunguka, mota ni nzima, rilei nzima, fyuzi nzima, ubaya uko kwenye swichi yenyewe au maji yamepungua hayaifikii. Lakini kijana aliyezoea magari mengine anachukua ile waya anaigusisha bodi akidhani anawasha, kumbe ndiyo ameizima kabisa, feni haitawaka tena hata maji yakitokota. Gari za karibuni ni kompyuta inayoamua, na nyingi ukichomoa sensa ya joto kompyuta inawasha feni kwa usalama, hicho nacho ni kipimo cha haraka.

Kama waya za zamani zimeungua kweli na lazima uzifanye upya, fanya na rilei. Ile dairekti ya kupitisha umeme wa feni kwenye swichi ya ufunguo naikataa kwa sababu feni moja inakula ampea 10 hadi 20, na inapoanza kuzunguka inavuta zaidi ya hapo, swichi ya ufunguo inaungua taratibu, siku moja gari inazima barabarani na hakuna anayekumbuka ile kazi ya feni. Tena feni inazunguka kutoka asubuhi mpaka usiku, kaboni za mota yake zinaisha mapema. Na wengine wanaunga kutoka betri bila fyuzi, huo ni moto unaosubiri waya ikwaruzwe.

Rilei ya kawaida ina namba, zisome. 30 inatoka chanya ya betri kupitia fyuzi, 87 inaenda feni, 86 inapata umeme ufunguo ukiwashwa, 85 inaenda kwenye swichi ya joto ambayo maji yakipata moto inashika ethi, yaani bodi, upande wa hasi, si ile ya Corolla inayofunguka. Hiyo 85 na 86 waya nyembamba inatosha, ila 30, 87 na ethi ya feni weka waya ya milimita 4 za mraba au nene zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, shibiri moja hivi, si huko mbele, maana inalinda waya, kipande kilichobaki kabla yake hakina ulinzi. Feni mbili? Rilei mbili, fyuzi mbili, moja ikifa nyingine inakufikisha nyumbani.

Waya zenyewe kwangua kwa kisu kabla hujanunua, kuna zinazong'aa shaba juu na ndani ni nyeupe, hizo ni aluminiamu, zinapata moto haraka. Swichi ya kuongeza kwenye rejeta utaona imeandikwa mfano 92-87, inawasha kwenye 92 inazima kwenye 87. Ikiwa ni ya waya moja usizungushie tepu nyingi nyeupe ya kuzuia maji kwenye nyuzi zake za kufungia, inapata ethi kupitia kule kwenye chuma, ukiiziba haifanyi kazi halafu unaanza kulaumu rilei. Na ile swichi ya dashibodi wanayopenda wateja isiwe ndiyo peke yake, mtu akipigiwa simu anasahau, injini haisahau.

Ethi usifunge kwenye rangi, kwangua mpaka chuma, funga kwa boliti. Rilei miguu yake iangalie chini maji ya mvua yasiingie.

Ukimaliza feni ikiwa inazunguka weka karatasi mbele ya rejeta, ivutwe ishikwe, ikisukumwa umegeuza waya na feni inashindana na upepo wa barabara. Halafu pima volti kwenye plagi ya feni na kwenye betri, tofauti ikizidi nusu volti upande wowote, chanya au ethi, kuna kiungo kibovu, rudi ukitafute. Acha injini mpaka feni iwake yenyewe, izime, iwake tena, hapo tu ndiyo nafunga boneti. Themostati kama walishaing'oa irudishe, bila hiyo injini inakaa baridi inakula mafuta na hutajua feni inawaka kwa wakati wake.

Mikono iwe mbali wakati wote huo, magari mengine feni inaanza hata ufunguo umetolewa. Na kabla hujamwachia bosi gari yake, mwonyeshe fyuzi iko wapi, mwachie mbili za akiba za ampea ile ile, mwambie asiweke kubwa zaidi hata kama ndiyo iliyopo dukani.