Nimetundika Daluga, Sasa Nile Nini? Kocha Anajibu Barua Zenu

Toleo lililopita niliandika aya mbili tu kuhusu wachezaji wanaoachwa na klabu hapa Uganda msimu ukiisha, nikadhani nimepitisha maneno, kumbe nimechokoza mzinga wa nyuki. Barua zimekuja nyingi, nyingine ndefu kuliko mkataba wenyewe. Nimechagua nne. Majina tumeficha kama kawaida yetu.

Mzee habari. Mimi ni beki wa kati, miaka 32, nimecheza ligi kuu misimu 9, timu 3. Goti la kulia limenichosha na klabu imeniambia haiongezi mkataba, na mishahara ya miezi 4 bado nawadai. Benki nina milioni 7 na kidogo. Mke anasema tununue boda tumpe mtu aendeshe, rafiki yangu anasema nifungue kibanda cha kubeti eti watu watakuja sababu wananijua, mimi moyo wangu uko kwa ukocha. Nianze na kipi? – Beki wa Busia

Beki mwenzangu, pole. Mimi habari yangu ya kuachwa niliipata kwa mtunza vifaa, alinipigia simu kuuliza kama nimerudisha trakisuti, ndo nikajua nimeachwa. Kwa hiyo nikikuambia tulia najua naongea nini.

Wewe umetaja boda, kubeti na ukocha, ile miezi 4 umeipitia juu juu kama mtu anayetaja mvua. Hapo ndipo pa kuanzia. Shida yetu wachezaji tunajiita staa, tunajiita mwanasoka, tunajiita mtoto wa klabu, lakini neno mfanyakazi hatulitaki, na ukishakuwa mtoto wa klabu basi mshahara unakuwa zawadi ya baba, akipata anakupa asipopata unanyamaza. Hapana bwana. Ulisaini mkataba, ukafanya kazi, wanakudai nini tena? Kusanya mkataba wako, stetimenti ya benki inayoonyesha miezi ipi pesa iliingia na ipi haikuingia, na zile meseji za katibu za "wiki ijayo wiki ijayo". Andika barua ya madai, wape siku za kujibu, baki na kopi iliyogongwa muhuri wao. Wakinyamaza peleka kwenye kamati ya hadhi za wachezaji pale FUFA, shirikisho letu la mpira, Mengo. Usingoje hasira zipoe, manake madai haya yana muda wa kuisha, hata kule FIFA kwenye kesi za kimataifa ni miaka 2 na mlango unafungwa. Na tafadhali usianze kwa kwenda redioni kumtukana mwenyekiti, utapata makofi ya wasikilizaji na pesa hutapata.

Na kwa wale mnaoendelea kucheza: kanuni za FIFA zinasema klabu ikikukalia mishahara ya miezi 2 bila sababu, unaipa notisi ya maandishi ya siku 15 ilipe, isipolipa una haki ya kuvunja mkataba. Wengi hawajui, wanakaa miezi 6 wanakula ahadi.

Kitu cha pili, NSSF, mfuko wa akiba ya wafanyakazi. Ulikatwa? Sheria inataka mwajiri atoe asilimia 10 na mfanyakazi akatwe 5, na tangu marekebisho ya 2022 hata mwajiri mwenye mfanyakazi mmoja yumo. Nenda ofisi yao na kitambulisho uangalie salio. Kama kuna kitu humo usitegemee kukila leo, ni cha miaka 55, ingawa ukifika 45 na umechangia miaka 10 unaweza kuchukua sehemu, isiyozidi asilimia 20. Kama hakuna kitu, hilo nalo ni dai, liongeze kwenye barua. Na unaweza kuendelea kuweka mwenyewe kwa hiari hata kama huna mwajiri.

Sasa milioni 7. Kwa miezi 3 usiziguse kwa biashara yoyote, kula kwa kubana. Mchezaji aliyeachwa ana kiherehere cha kuonyesha mtaa kuwa bado yupo, na biashara nyingi za mwezi wa kwanza zinafunguliwa kwa ajili ya mtaa si kwa ajili ya tumbo. Boda si mbaya, mkeo hajakosea, lakini boda ya kumpa mtu ni kama kumkopesha mtu mguu wako, siku ya kwanza analeta pesa kamili, mwezi wa pili kuna pancha, mwezi wa nne traffic wameishika. Kama lazima boda basi awe ni mtu unayejua kwao na steji yao, na mweke maandishi. Kibanda cha kubeti nakataa kabisa, sitaki hata kubishana, mteja wa kwanza utakuwa wewe mwenyewe.

Ukocha ndio, lakini ukocha ni karatasi. Ngazi za leseni za CAF, shirikisho la Afrika, zinaanza D, halafu C, B, A mpaka Pro, na kila ngazi ina ada na masomo, hakuna anayekupa kwa sababu uliwahi kumkaba straika wa Express. Uliza FUFA kozi ya D inafunguliwa lini kanda yenu. Wakati unangoja tafuta shule, sekondari zinatafuta watu wa michezo, mmeona shule kama St Mary's Kitende na Kibuli zilivyojenga jina kwa mpira. Anza hata kwa posho ndogo, watoto 20 na mipira 3.

Halafu wewe uko Busia, Kiswahili unacho cha kuzaliwa, hujui ni mali gani hiyo. Jackson Mayanja alichezea Cranes, timu yetu ya taifa, akacheza mpaka Tunisia na Misri, na alipokuwa kocha alipata kazi Tanzania, Kagera Sugar, Coastal Union, hadi benchi la Simba. Sam Timbe naye alifundisha Yanga. Ligi ya Tanzania ina pesa kutuzidi na kocha anayeongea na wachezaji bila mkalimani ana faida. Si leo, lakini liweke kichwani.

Goti: acha diclo, hizi dawa za maumivu, za kila siku. Najua tulivyozoea, kidonge kabla ya mechi na sindano wakati wa mapumziko, lakini ukizimeza miezi na miezi zinachoma tumbo na kuharibu figo. Muone mtu wa fizio akupe mazoezi ya misuli ya paja, na punguza ugali, ulikuwa unakula kwa ajili ya dakika 90, siku hizi unakula kwa ajili ya kukaa.

Kocha, mume wangu alikuwa winga, watu wa Jinja wakisikia jina lake bado wanapiga mluzi. Ameacha mpira miaka miwili. Asubuhi anavaa trakisuti anaenda kukaa kibandani na vijana mpaka usiku, anawanunulia rolex (chapati ya mayai) na soda watu wote wakati nyumbani nimelipa umeme mimi. Nikimuuliza ananyamaza. Hanipigi, hanitukani, ananyamaza tu. Nifanye nini? – Mama watoto, Jinja

Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, nikampa mke wangu naye aisome, akacheka akasema "huyu ni wewe wa mwaka ule".

Ngoja nikuambie trakisuti ni ya nini. Mtu tangu ana miaka 16 anaamshwa na mtu mwingine, anaambiwa mazoezi saa mbili, chakula saa saba, Jumamosi mechi, basi linakuja linamchukua, akifunga wanamwimba, akikosa wanamtukana lakini hata wakimtukana wanamjua. Siku moja simu inanyamaza. Si kwamba watu wamemchukia, hapana, wana winga mwingine. Mimi Jumamosi ndo ilikuwa inaniua, saa kumi jioni miguu inawasha kabisa, niko kwenye kochi nyumbani na mwili unangoja filimbi. Nikawa natoka tu nisionekane nimekaa. Pale kibandani bado yeye ni winga. Nyumbani ni baba mwenye bili ya umeme. Ungekuwa wewe ungekaa wapi?

Rolex za watu wote pia si ukarimu hizo dada, ni kiingilio. Analipia watu waendelee kumkumbuka.

Sisemi aendelee hivyo. Lakini usimsute mbele ya watoto au wakwe, na usimwambie "mpira umeisha kubali", hilo analijua kuliko wewe. Mke wangu hakunihubiria, alinipa kazi: kumpeleka mtoto shule saa kumi na mbili na nusu, kila siku, hakuna mtu mwingine wa kumpeleka. Nilikasirika wiki nzima. Baadae nikagundua nalala mapema kwa sababu kuna mtu ananingoja asubuhi. Mtafutie kitu chenye saa na chenye mtu anayemtegemea. Pia mtafute rafiki yake mmoja waliyecheza wote, mwanaume, aliyeshatulia, amtoe Jumapili kwenye timu ya maveterani, huko wanaume wanaongea mambo ambayo kwa mke hawayasemi. Upande wa pesa fungueni laini ya mobile money ya nyumba peke yake, ya kibanda abaki nayo yake, ndogo.

Mpira haumalizi mtu, namna ya kutoka ndo inamaliza. Ibrahim Sekagya alikuwa kapteni wa Cranes, akacheza Argentina, akaenda Austria na Salzburg, akamalizia New York Red Bulls, na alipovua jezi akabaki palepale kufundisha, hakukaa hata msimu bila filimbi. Wetu wengi hawana ngazi kama hiyo ya kushukia, wanaruka tu kutoka darini. Pale Lugogo uwanja wa KCCA una jina la Philip Omondi, mtu aliyetupeleka fainali ya Afrika 1978 kule Accra tukafungwa na Ghana 2-0. Amefariki 1999, jina likapanda ukutani yeye hayupo. Mumeo yupo hai, mpigieni mluzi akiwa anafanya kitu.

Moja la haraka: ukiona halali usiku, au ameanza kunywa asubuhi, au anatoa maneno ya kutaka kufa hata kwa mzaha, usingoje ushauri wa gazeti. Hospitali ya rufaa hapo Jinja ina kitengo cha afya ya akili. Watu wanaogopa neno Butabika, hospitali ya taifa ya afya ya akili, kana kwamba ni jela, lakini mtu anatibiwa kichwa kama anavyotibiwa goti, na goti mumeo ametibiwa mara ngapi?

Mzee, kijana wangu ana miaka 16, fowadi mkali sana. Kuna wakala anataka milioni 3 ampeleke Uturuki kwa majaribio, anasema wiki mbili tu anasaini. Nina shamba naweza kuuza. – Baba, Arua

Mzee mwenzangu, shamba usiuze.

FIFA hairuhusu mtoto chini ya miaka 18 kusajiliwa nchi nyingine, kuna misamaha michache na wako haumo, kwa hiyo huyo anayesema atasaini kwa wiki mbili ama hajui kazi yake ama anaijua vizuri sana. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, muombe aionyeshe, na yeye anakula asilimia kwenye mkataba baada ya mchezaji kupata kazi, hali kwenye shamba la baba yake kabla. Vijana wetu wameachwa viwanja vya ndege bila tiketi ya kurudi, hii si hadithi ya kutisha watoto. Majid Musisi alipoenda Rennes ya Ufaransa 1992 alikuwa ameshakuwa mfalme wa SC Villa hapa nyumbani. Mwache kijana amalize shule, acheze mashindano ya sekondari, kama ni mkali hivyo watamfuata Arua wenyewe.

Kocha, nina miaka 24, nachezea timu ya taasisi ya serikali. Wananiambia niingie kwenye ajira kabisa, nipate mafunzo na namba ya askari. Klabu moja ya mtu binafsi inanipa ada ya usajili kubwa mara tano. Wenzangu wananicheka eti nataka kuwa askari. – Kiungo, Kampala

Wacheke. Zamani hivi ndivyo mpira wetu ulivyoendeshwa, mtu anachezea Prisons au Coffee au Uganda Commercial Bank, mguu ukikataa anarudi dawatini, na leo Police, Maroons ya magereza na UPDF ya jeshi bado wana mlango huo. Wachezaji wa timu hizo nawaona mjini wamezeeka na mshahara. Ada kubwa ya usajili inaingia mara moja na inatoka na gari.

Lakini sikuambii saini kesho. Namba ni maisha, kuna kuhamishiwa Moroto msimu katikati na mkuu wako mpya mpira haujui, kuna kukosa ruhusa ukipata ofa ya nje, na ukiwa na kipaji cha kwenda Simba au Sauzi kama alivyoenda kipa Denis Onyango basi kutoka si rahisi kama kuingia. Waulize maswali mawili kabla ya kalamu: barua ya ajira inakutaja kama mchezaji au kama mtumishi, na ukivunjika mguu mwaka wa kwanza wakati bado uko kwenye kipindi cha majaribio nani anakulipa. Wakujibu kwa maandishi. Ukipata hiyo karatasi nitumie picha, ntakuangalizia hata kama ukurasa umeshajaa.