Kamba wa baharini laini na skonzi za jibini kama za mgahawani

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini skonzi zako za jibini zinatoka bapa na kavu, wakati ulikuwa unatafuta zile za migahawa ya Red Lobster ya Marekani, zenye ukoko kwa nje na laini kwa ndani. Ukauliza pia mbona kamba unaowapika wa kula nazo wanakuwa wagumu kama mpira. Vipimo ulivyoniandikia havina kasoro kubwa. Shida ni kwamba unga unaukoroga mno, na kamba huwatoi jikoni mpaka uwe na hakika wameiva, na hapo huwa wameshapitiliza.

Tuanze na skonzi, maana ndizo zenye mitego mingi. Hizi hazikandwi wala hazisukumwi. Unga unachotwa na kudondoshwa kwenye trei. Kwa skonzi 12 chukua unga wa ngano gramu 250, beking pauda vijiko 2 vya chai, beking soda nusu kijiko, sukari kijiko 1, chumvi robo tatu ya kijiko, kitunguu saumu cha unga kijiko 1 na pilipili kali ya unga kidogo sana. Changanya vyote vikiwa vikavu, kisha tia jibini ya cheda iliyokunwa, gramu 120. Tumia mizani. Kikombe ukikichovya kwenye mfuko wa unga kinabeba gramu 150 badala ya 125, na kwa kosa hilo peke yake skonzi zishakauka.

Cheda iwe ile iliyokomaa, yenye ukali, kwa sababu iliyo changa inapotelea kwenye unga usiionje. Ikune mwenyewe kutoka kwenye kipande. Ile inayouzwa imeshakunwa hupakwa wanga au selulosi isishikane, na haiyeyuki vizuri.

Sasa siagi, na hapa ndipo pa kuwa makini. Yeyusha gramu 115, iache ipoe dakika 5, kisha imimine kwenye mililita 240 za mtindi uliotoka kwenye friji muda huohuo, huku unakoroga. Utaona siagi inagandamana na kuwa vipunje vidogo vya njano vinavyoelea. Usidhani imeharibika, hivyo ndivyo tunavyotaka. Kila kipunje kinazungukwa na unga, na kikipata moto wa oveni kinayeyuka, maji yaliyomo yanakuwa mvuke na kuusukuma unga juu. Mtindi ukiwa wa vuguvugu siagi haigandi, na skonzi zinatoka nzito.

Mtindi ukiwa mzito mno, uzimue kwa maziwa hadi umiminike. Kama huna, weka kijiko 1 cha chakula cha siki au maji ya limau, jazia maziwa baridi mpaka mililita 240, subiri dakika 10. Usitie maziwa matupu: soda ikikosa asidi haifanyi kazi yake yote, na inaacha ladha ya sabuni.

Mimina mchanganyiko huo kwenye unga na ugeuze kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane tena. Acha hapohapo, hata kama una mabonge. Kila unavyozidi kukoroga ndivyo gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, inavyokaza, na gluteni ndiyo inayofanya skonzi itafunwe kama mkate wa jana. Dondosha mafungu ya kama mililita 60, ukiacha sentimita 4 kati yake, na uyatie oveni bila kuchelewa, kwa sababu soda huanza kutoa hewa mara tu inapokutana na mtindi. Oveni iwe imeshafika nyuzi 230 za Selsiasi. Zinaiva kwa dakika 12 hadi 14. Zikitoka, zipake siagi ya kuyeyuka gramu 40 yenye nusu kijiko cha chai cha kitunguu saumu cha unga na pasli iliyokatwa. Usipake kabla ya kuoka, kitunguu kitaungua kiwe kichungu.

Kama umefuata yote haya na bado hazipandi, ijaribu beking pauda: tia nusu kijiko kwenye maji ya moto. Isipotoa povu la nguvu, itupe.

Kamba nunua wabichi, wenye rangi ya kijivu. Wale wa pinki kwenye pakiti kwa kawaida wameshapikwa, na ukiwapika tena hakuna dawa ya ugumu wao. Namba 21/25 kwenye pakiti maana yake ni kamba 21 hadi 25 kwa ratili moja, yaani gramu 454, na ukubwa huo unafaa sana kwa kikaango. Kama wamegandishwa, wayeyushe kwenye maji baridi, toa maganda na ule mshipa mweusi wa mgongoni, kisha wakaushe kwa kitambaa. Wachanganye na nusu kijiko cha chai cha chumvi na robo kijiko cha beking soda, uwaweke kwenye friji dakika 15. Soda inapunguza asidi, hivyo nyama haijikazi sana ikipata moto.

Skonzi zikishatoka ndipo uwashe kikaango. Tia mafuta, yakiwa moto sana panga kamba tabaka moja, nusu yao kwanza. Wakijazana wanatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Dakika 1 na nusu upande wa kwanza, geuza, sekunde 30 hadi 45, watoe. Rangi ya pinki isikudanganye, inatangulia. Tazama sehemu nene zaidi, nyama iwe imeacha kung'aa na kuwa nyeupe. Kamba aliyejikunja nusu duara ameiva, aliyejiviringisha mpaka mkia ukagusa upande wa pili amepita.

Punguza moto, tia siagi gramu 30 na punje 3 za kitunguu saumu zilizokatwa, sekunde 30 tu. Ongeza kijiko cha chakula cha maji ya limau, epua, ndipo utie siagi baridi gramu 30 ukitikisa kikaango mpaka mchuzi uwe mzito. Ukiona mafuta yamejitenga, kijiko cha maji na kutikisa tena kunaurudisha. Rudisha kamba, mle mara moja.

Skonzi za akiba zigandishe zikiwa mbichi, kila fungu peke yake, na uzioke bila kuyeyusha, ukiongeza dakika 3 au 4. Kamba waliobaki usiwapashe. Uwale wakiwa baridi kesho yake, pamoja na limau.

Mama yako