Shangazi, kipimo kimeonyesha HPV ila sio 16 wala 18

SWALI: Shangazi shikamoo. Mi nina miaka 34, watoto wawili. Nimepima saratani ya mlango wa kizazi nikaambiwa nina kirusi cha HPV, ila kwenye karatasi ya majibu aina ya 16 haipo, ya 18 haipo, imeandikwa tu nina "aina nyingine hatarishi". Nesi akasema nirudi waniangalie na siki, sijarudi, maana nimesoma mtandaoni kansa inaletwa na 16 na 18. Mume wangu nilipomuuliza kama ndiye kaniletea tukagombana mpaka leo hatuongei vizuri. Halafu binti yangu ana miaka 10 shuleni wanataka kuchanja, watu wanasema inaharibu kizazi. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rudi kliniki, hilo ndo la kwanza, mengine tutaongea ukiwa umesharudi.

Ulichosoma ni kweli nusu. HPV ziko aina zaidi ya 200, nyingi hazina shida kubwa, ila kuna kama 14 hivi ndo wakorofi, na 16 na 18 peke yao zinabeba karibu asilimia 70 ya saratani hii duniani. Sasa hiyo 30 iliyobaki unadhani inatoka wapi? Inatoka hukohuko kwenye "aina nyingine", na kwetu Afrika kuna moja inaitwa 35 ambayo kwenye saratani za wanawake wa huku inaonekana mara nyingi kuliko kwa Wazungu au Waasia. Chanjo pana kabisa iliyopo inakinga aina 9, nazo ni 6, 11, 16, 18, 31, 33, 45, 52 na 58. Ipitie tena hiyo orodha, 35 haimo! Mi hili huwa linanikera, maana hesabu ilipigwa ya dunia nzima, sisi tukabaki pembeni.

Lakini usianze kujiandikia wosia. Kuwa na kirusi sio kuwa na kansa, wanawake wengi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili, kinachotisha ni kile kinachong'ang'ania, na hata hicho mara nyingi kinachukua miaka 15 hadi 20 kufika kwenye saratani. Ukirudi watakupaka siki nyepesi kwenye mlango wa kizazi wasubiri kidogo, pakiwa na mabadiliko panakuwa peupe, na mara nyingi wanaweza kupachoma au kupagandisha kwa baridi siku hiyohiyo ukarudi nyumbani kwa miguu yako. Wasipoona kitu bado utapewa tarehe ya kupima tena, usiitupe.

Mumeo muache kwanza. Kirusi hiki kinaambukizwa kwa kujamiiana, ila kinaweza kukaa kimya miaka na miaka, hakuna kipimo cha kukuambia kimetoka kwa nani wala lini, labda hata kabla hamjajuana, kwa hiyo hiyo karatasi sio ushahidi wa kumfumania mtu.

Binti mchanje, na haraka. Kizazi hakiharibiki, hayo ni maneno ya vibarazani. Tanzania ilianza nchi nzima 2018, na tangu 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, umri huo ni kwa sababu chanjo inafanya kazi vizuri kabla mtu hajakutana na kirusi. Wewe kirusi ulichonacho chanjo haitakitoa. Ila binti akishakuwa mtu mzima naye apime, si umeona 35 haimo.

Halafu kama hujapima VVU karibuni pima siku hiyohiyo, maana mwenye VVU hatari ya saratani hii kwake ni kama mara 6 ya asiye nayo, mabadiliko yanakwenda mbio zaidi, na tarehe za kurudi zinapangwa karibukaribu. Mwambie nesi majibu yako kabla hajakuandikia.