Maswali ya Wasomaji: Ushuru wa pikipiki ya umeme iliyoko baharini

Toleo la Juni 2025 (viwango vya ushuru na hali ya mashauri vilivyotajwa humu ni vya mwezi huo, na baadhi vimebadilika baadaye)

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, naomba msaada wako kabla meli haijatia nanga. Mwezi Machi niliagiza kutoka kiwanda kimoja cha Chongqing, China, pikipiki ya umeme ya motokrosi, isiyo na taa wala vioo vya pembeni, ili mwanangu aiendeshe katika shamba la rafiki yangu nje ya Dallas, Texas, ninakoishi. Bei yake ni dola 3,500 bila nauli. Ilipakiwa tarehe 22 Aprili na inatarajiwa Houston wiki ya pili ya Juni. Muuzaji aliniambia mwezi Aprili nijiandae kulipa ushuru wa asilimia 170. Wakala wa forodha sasa ananiambia 55. Jirani yangu anashikilia kwamba magari ya umeme ya China hutozwa 100. Na kaka yangu aliyeko Mombasa ananionya kwamba nauli nayo hutozwa ushuru. Muuzaji ameniambia pia kwamba mzigo ujao anaweza kuuandika kuwa baiskeli ya umeme, au kuupitisha Vietnam. Nimwamini nani? — Msomaji, Dallas

JIBU: Ndugu msomaji, mwamini wakala wako, ingawa muuzaji naye hakukudanganya siku ile aliyokuambia. Pikipiki zote zinazoendeshwa kwa mota ya umeme huingia katika kifungu 8711.60 cha orodha ya forodha inayotumiwa karibu duniani kote, kifungu kilichoongezwa mwaka 2017, na ushuru wa kawaida wa Marekani kwa kifungu hicho ni sifuri. Kinachokuumiza ni nyongeza zilizorundikwa juu ya sifuri hiyo kwa sababu bidhaa imetengenezwa China. Ya kwanza ni asilimia 25 iliyoanza Agosti 2018 chini ya Sheria ya Biashara ya mwaka 1974, na ambayo haijaondoka tangu wakati huo. Ya pili ni asilimia 20, inayohusishwa na dawa ya kulevya ya fentanili, iliyoanza kwa asilimia 10 mwezi Februari mwaka huu na kuongezwa maradufu mwezi Machi. Ya tatu ndiyo iliyopanda na kushuka kama maji ya bahari: mwezi Aprili ilifika asilimia 125, na kuanzia tarehe 14 Mei imeshushwa hadi 10 kwa muda wa siku 90, yaani mpaka tarehe 12 Agosti. Jumlisha za Aprili utapata 170. Jumlisha za leo utapata 55.

Linalokuokoa ni kwamba kiwango hufuata siku ambayo mzigo unaingizwa rasmi nchini kwa matumizi, wala si siku uliyoagiza au kulipia. Ingawa mzigo wako ulipakiwa katika siku mbaya kuliko zote, utaingia katika siku zilizo nafuu. Kila asilimia huhesabiwa juu ya thamani ileile ya bidhaa, haihesabiwi juu ya ushuru mwingine, kwa hiyo utalipa dola 875, dola 700 na dola 350, jumla dola 1,925. Ongeza ada ya kushughulikia mzigo, ambayo kima chake cha chini mwaka huu ni dola 32.71, na ada ndogo ya bandari isiyofika dola 5. Kwa kuwa thamani inazidi dola 2,500, utahitaji pia dhamana ya forodha, ambayo wakala wako atakukatia kwa malipo yake.

Jirani yako amechanganya mambo mawili. Ushuru wa asilimia 100 uliowekwa Septemba 2024 unahusu magari ya umeme, yaani motokaa, wala haukugusa pikipiki. Ni kosa linalosameheka, kwa kuwa magazeti yaliandika tu "vyombo vya umeme" na kuishia hapo.

Kaka yako naye yuko sahihi, lakini kwa Mombasa. Katika nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru hukokotolewa juu ya bei ya bidhaa pamoja na bima na nauli ya meli hadi bandarini. Marekani haihesabu nauli wala bima ya kimataifa, mradi gharama hizo zionekane peke yake katika ankara. Hapo ndipo wengi hupoteza fedha bila kujua: muuzaji huandika tarakimu moja inayojumuisha kila kitu, na forodha huitoza yote. Mwandikie leo akupatie ankara inayotenganisha bei na nauli, kabla wakala hajawasilisha nyaraka.

Kuhusu ushauri wake wa mzigo ujao, ninakusihi uukatae. Baiskeli ya umeme iko katika kifungu hichohicho cha 8711.60, kwa hiyo uongo huo hauna hata faida. Ulaya ndiyo kabisa, kwani baiskeli za umeme za China hutozwa huko ushuru wa kuzuia bidhaa zinazouzwa kwa bei ya kutupa, ilhali pikipiki hazitozwi. Vietnam ni hatari zaidi. Asili ya bidhaa huamuliwa na mahali ilipotengenezwa hasa, si na bandari iliyopitia, na pikipiki iliyofunguliwa na kufungwa upya ghalani Haiphong inabaki kuwa ya China. Anayepatikana na hatia ya udanganyifu anaweza kutozwa faini inayofikia thamani yote ya bidhaa, na atakayeulizwa ni wewe, mwingizaji ambaye jina lake limo katika nyaraka, wakati muuzaji yuko kwake Chongqing. Ukitaka pikipiki isiyo na mzigo huu kwa haki, ipo Stark Varg inayoundwa karibu na Barcelona, ambayo kwa sasa hubeba nyongeza ya asilimia 10 pekee; ila bei yake inazidi dola 10,000, na sidhani kwamba kijana anayejifunza anaihitaji.

Jambo la mwisho ni karatasi. Tarehe 28 Mei Mahakama ya Biashara ya Kimataifa mjini New York iliamua kwamba sheria ya dharura ya mwaka 1977 haimpi Rais mamlaka ya kutoza zile nyongeza mbili za mwaka huu. Siku iliyofuata mahakama ya rufani ikasimamisha utekelezaji wa uamuzi huo. Kwa hiyo utalipa kama kawaida. Lakini dola 1,050 kati ya utakazolipa zimo katika shauri hilo. Mwombe wakala aonyeshe kila nyongeza kwenye mstari wake, uhifadhi stakabadhi, na umuulize tarehe ambayo hesabu yako itafungwa rasmi, ambayo kwa kawaida ni siku 314 baada ya mzigo kuingizwa. Baada ya hapo una siku 180 za kuweka pingamizi. Usisahau pia fomu HS-7 ya Idara ya Uchukuzi, ambamo utatamka kwamba chombo hiki hakikuundwa kwa ajili ya barabara za umma.

SWALI: Je, betri ya akiba ya pikipiki ya namna hiyo hulipiwa ushuru uleule? — Msomaji, Minneapolis

JIBU: Hapana. Betri iliyofungwa ndani ya pikipiki huhesabiwa pamoja nayo, lakini ikija peke yake huhamia kifungu 8507.60. Leo ni asilimia 3.4 ya kawaida, 7.5 ya sheria ya mwaka 1974, kisha 20 na 10 za mwaka huu: jumla 40.9. Hiyo 7.5 imekwisha kupangiwa kuwa 25 kuanzia tarehe 1 Januari 2026, kwa hiyo kama kweli unaihitaji, usingoje mwakani. Iagize kwa meli, na umdai muuzaji muhtasari wa UN 38.3, yaani jaribio la Umoja wa Mataifa la usalama wa betri safarini, kwa kuwa wasafirishaji huikataa betri ya lithiamu isiyo nao.